Picha Iliyotangulia Sauti

Tulimzika Revocatus kwao Ngara, pembeni mwa migomba ya nduguze, na aliyesoma wasifu alisema kwamba mwaka wa vita vya Kagera marehemu alijitolea kwenda mstari wa mbele kwa mapenzi ya nchi yake. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na sikusema neno, kwa sababu mtu aliyefika kwa basi hasahihishi wasifu wa marehemu mbele ya nduguze. Baada ya mazishi tulikula ndizi na maharage, na kijana aliyekodiwa kupiga video akafungua kompyuta yake ili wazee waone kazi aliyoifanya. Kwaya ilikuwa inaimba kaburini. Midomo ilifumba, wimbo ukaendelea. "Sauti inachelewa kidogo," alisema kijana, "nitairekebisha nyumbani." Nilimwuliza kama inachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, au inazidi kuchelewa kadiri wimbo unavyoendelea. Alinitazama vizuri. "Inazidi, mama. Kamera hizi za simu hubadilisha mwendo zenyewe, kukiwa na kivuli zinapunguza. Mama ulikuwa fundi?" Nilimjibu kwamba nilikuwa karani wa sauti, na kwamba atafute makofi au kitu chochote kinachogongana, mwanzo na mwisho, asitegemee cha mwanzo peke yake. Akaandika. Usiku huo sikulala vizuri, na niliporudi nyumbani nilianza kuandika kurasa hizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ofisi yetu ya sinema ya elimu ya watu wazima, mjini Biharamulo, ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha Katibu wa wilaya, chenye meza, viti vinne na kabati lenye kufuli. Cha nyuma kilikuwa chetu. Kabla yetu kilikuwa stoo ya mbegu za pamba, na harufu ya mafuta ya mbegu haikutoka hata tulipopaka chokaa mara mbili. Mvua ikinyesha ilipanda kutoka sakafuni kama vile pamba ingalimo. Humo tuliweka projekta, jenereta ndogo, rekoda ya mikanda mikubwa na kamera. Hakuna aliyenifundisha kazi. Aliyenitangulia aliacha kijitabu cha rekoda kilicholiwa na mchwa pembeni, nami nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, nikichora upya michoro ile hadi nikaijua. Revocatus, ambaye wote tulimwita Revo, alikuwa Mhangaza mwenye miaka michache kunizidi, dereva wa Land Rover yetu na mpiga picha pia. Mimi nilinasa sauti, yeye picha. Adhuhuri tulipika pamoja kwenye jiko la mkaa nyuma ya ofisi: ugali wa muhogo, dagaa wa ziwani, au mihogo ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Sukari ilikuwa imeadimika kabla ya vita, na vita vilipoanza ikawa kitu cha kusimulia.

Kamera yetu ilikuwa ya ufunguo. Unauzungusha kama wa saa ya mezani, springi inakaza, kisha ukibonyeza inajizungusha yenyewe kwa nusu dakika hivi na kusimama. Haikuwa na waya wa kuiunganisha na rekoda. Kila mashine ilikwenda kivyake, moja ikila filamu, nyingine ikila mkanda wa sauti, na kazi ya kuzipatanisha ilikuwa yangu. Njia yetu ilikuwa rahisi. Kabla ya kila kipande Revo alinielekezea kamera nami niligonga bakuli la bati kwa kijiko. Wakati wa kuonyesha tulitafuta picha ambayo kijiko kinagusa bakuli, tukaiweka mbele ya taa. Tukatafuta mlio wa bakuli kwenye mkanda, tukauweka mbele ya kichwa cha rekoda, kile kinachosoma mkanda. Halafu tukawasha vyote kwa pamoja. Kwenye mikutano hatukutumia bakuli, maana si adabu kugonga vyombo mbele ya wazee. Tulitumia makofi. Kijiji chochote mwenyekiti alipomaliza jambo zito alisema, "Makofi matatu!" na watu wote wakapiga matatu kwa pamoja, pa, pa, pa, kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Alama nzuri kuliko hiyo sijaiona hata leo. Vipande vyetu vingi vilikuwa vifupi, mama anapalilia, mwalimu anaandika ubaoni, na alama moja ya mwanzo ilitosha. Hatukujiuliza inatosha hadi wapi.

Vita vilipoanza, Biharamulo ilijaa watu waliokimbia kutoka kaskazini, wakilala kwa ndugu na kwenye madarasa, na kila kijiji kilitakiwa kuchangia wapiganaji: ng'ombe, maharage, unga. Tulitumwa kupiga sinema ya kuhamasisha michango. Land Rover yetu iligeuka kuwa gari la kubeba magunia; Revo aliondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Mkutano ninaouzungumzia ulifanyika katika kijiji cha ujamaa upande wa Nyabusozi, kilichochanganya Wasubi, Wahangaza na familia za Warundi zilizopewa mashamba baada ya kukimbia vurugu za kwao. Katibu alikuwa Bukoba kikazi, hivyo hotuba yake ilisomwa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kagoma, mzee mrefu aliyesoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Revo alipanda juu ya gari lililoegeshwa nyuma ya meza, akawaelekezea watu kamera. Mimi nilichuchumaa chini nyuma ya meza hiyo, hedifoni masikioni, macho kwenye sindano ya kupimia sauti. Kwa hiyo mkutano ule sikuuona. Niliusikia tu.

Mzee Kagoma aliitisha makofi matatu, na hapo Revo alianza kupiga picha. Mzee akasoma kwamba unga wa kijiji hiki umewafikia vijana wetu, wamekula, wameshiba na wanashukuru. Ndipo mtu akapaza sauti: "Mnakura wenyewe!" Sindano yangu iliruka hadi mwisho na sauti ikapasuka masikioni kama kopo linalokanyagwa. Mzee Kagoma alikohoa, akaendelea na mstari uliofuata, halafu kwa haraka, kabla hata ya jambo kuisha, akaitisha tena makofi matatu. Watu wakapiga. Kamera ikasimama, springi imekwisha. Wakati tunafunga mizigo nilimwuliza Revo ni nani aliyepiga kelele. Alikuwa anafunga kamba ya turubai, akaikaza zaidi ya inavyohitajika. "Watu walikuwa wengi, dada Skola," alisema. Njiani hakupiga mluzi kama kawaida yake. Nilidhani amechoka.

Filamu ilipelekwa Dar es Salaam kuoshwa na ikarudi baada ya wiki nyingi. Katibu alitaka kuiona kwanza yeye na wajumbe wawili kabla haijapelekwa vijijini. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, nikapatanisha makofi ya mwanzo kama kawaida. Tulipofika pale pa kelele, rekoda ilitoa "Mnakura wenyewe!" na kwenye shuka letu jeupe, mstari wa tatu, mwanamume mwenye kofia ya kusuka alikuwa amefungua mdomo, mkono umenyooshwa, shingo imekaza. Sauti na mdomo vilifaana mno. Katibu alisimama. "Simamisha!" Revo alimjibu kwamba picha ikisimama mbele ya taa inaungua. "Basi rudisha." Ikarudishwa. Kelele, na mdomo. Ikarudishwa tena.

"Nani huyo?"

"Anaitwa Nzeyimana," alisema mjumbe mmoja, mzee wa Kisubi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mtu mtulivu tu."

"Mkimbizi?"

"Alikuja na wale waliokuja. Ana shamba lake."

"Nilijua. Msikilizeni anavyosema. Mnakura! Hiyo ni lugha ya ng'ambo ya mpaka. Tunapigana vita, na hapa ndani kuna mtu wa nje anavunja watu moyo."

"Ndugu Katibu," alisema yule mzee, "kwa neno hilo hata mimi unifunge. Mke wangu nikimwambia naja kura, ananiuliza nagombea kiti gani."

Mjumbe wa pili alicheka, kisha akaona Katibu hacheki, akajifanya anakohoa. Katibu hakuwa mtu wa mkoa wetu, na hakujua, au hakutaka kujua, kwamba nusu ya wilaya inasema hivyo. Revo alikuwa amesimama kwenye projekta, anazungusha filamu nyuma kwa mkono. Kesho yake Nzeyimana alikamatwa akiwa shambani. Tuliambiwa atakaa mahabusu mpaka lori la siku ya gulio lielekee Kabanga, na huko atakabidhiwa upande wa pili wa mpaka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Nzeyimana alivuka mpaka ule na mtoto mgongoni, na kaka zake waliobaki nyuma hawakusikika tena.

Mkewe, Mama Editha, alikuja kila siku kwa miguu na chakula kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Askari wa mahabusu alimchelewesha, naye alisubiri kwenye baraza yetu kwa sababu ilikuwa na kivuli. Siku ya kwanza nilimwamkia na kumpa maji. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye wa ile mashine?" Nilikubali. Alikunywa maji yote kwanza, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Halafu akasema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia: "Mdomo ulikuwa unasema, sikatai. Mume wangu mkutanoni anasema tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee wetu Kiswahili hawakijui. Mwenyekiti akinyamaza kidogo, yeye anaanza: avuze ngo, avuze ngo. Amesema kwamba, amesema kwamba. Ndiyo kazi yake, na halipwi."

"Na lile neno, mama? Aliwaambia wazee?"

"Angeacha kuwaambia? Walikuwa wanamvuta shati, wanauliza nini, nini. Lakini kwanza neno lisemwe, ndipo alirudishe kwa wazee. Mtu hutafsiri kitu kabla hakijasemwa?"

Nilimwuliza ni nani, basi, aliyelisema. Alitazama mlango wa stoo yetu, ambako Revo alikuwa anasafisha lensi na mgongo wake ulionekana. "Baba Editha hataki kumtaja. Anasema aliyesema alisema kweli. Na mimi namwambia, ukweli wa mtu mwingine umekulaza wewe kwenye simiti." Nikamwambia amtaje yeye. Alitikisa kichwa. "Mimi ni Mrundi, mwanangu. Nikimtaja mtu wa serikali, kesho tutakuwa wawili humo ndani, na Editha nitamwachia nani?" Askari akamwita, naye akaenda na jani lake. Mimi nilibaki nimeshika kikombe. Alikuwa ameniambia mambo mawili, na nililisikia moja tu, lile la kazi yangu. Kama Nzeyimana alitafsiri, mdomo wake ulipaswa kufunguka baada ya kelele. Kwenye shuka ulifunguka pamoja nayo. Kwa hiyo kati ya picha na sauti, moja ilikuwa imeondoka mahali pake.

Nilishuku sauti kwanza, kwa kuwa ilikuwa yangu. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, mkanda huenda polepole, na ukiuchezesha kwa betri mpya sauti inakimbia na kuwa nyembamba. Nilikuwa nimegonga bakuli kabla ya watu kukusanyika na baada ya wao kuondoka. Nikasikiliza milio ile miwili mara nyingi, nikigonga bakuli lenyewe kati yake. Ilikuwa sawa. Rekoda haikuchoka. Ndipo nikaishika filamu dirishani, picha moja moja, kwa kioo cha kukuzia. Nilitafuta makofi ya mwanzo, nikatia alama ya sindano pembeni mwa picha ambayo viganja vimekutana. Nikatafuta makofi ya mwisho, nikatia alama. Kwenye mkanda wa sauti nilitia alama hizohizo kwa penseli. Nilipochezesha vyote pamoja, mwanzo ulikubaliana, lakini mwisho watu walikuwa wameshapiga makofi na kurudisha mikono magotini, ndipo pa, pa, pa ikasikika. Picha ilikuwa imefika mapema.

Hapo nikaielewa kamera. Springi inapokaribia kuisha huchoka, na kamera iliyochoka hupiga picha chache kwa muda uleule. Projekta haichoki. Inazionyesha picha hizo chache kwa mwendo wake uleule, muda unafupishwa, watu wanatembea kama kuku waliofukuzwa, na kila kinachotokea kinatokea kabla ya sauti yake. Nusu ya kwanza ya kipande huwezi kuona tofauti. Mwishoni picha inakuwa imetangulia kwa sekunde kadhaa, muda unaomtosha mtu kusikia neno la Kiswahili na kuligeuza Kirundi. Leo yule kijana wa Ngara anasema kompyuta inaweza kuvuta na kufinya yenyewe ukishaipa alama mbili. Mimi nilikuwa na kifundo. Projekta yetu ilikuwa na kifundo ubavuni, cha kuzungusha kwa vidole ili kuongeza au kupunguza mwendo, kilichowekwa kwa ajili ya sinema za zamani za polepole, na mtu akikirudisha taratibu, kwa kipimo kilekile springi ilivyochoka, picha ingengojea sauti. Nilijaribu stoo peke yangu, mablanketi dirishani mchana, jasho likinitiririka mgongoni. Nilikosea mara nyingi. Mwishoni makofi ya mwanzo yakafaa, ya mwisho yakafaa, na kelele ikatokea mahali pake.

Mdomo wa Nzeyimana ulikuwa umefungwa. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama. Nilitafuta mdomo mwingine uliofunguka na sikuuona, mstari wa mbele hadi wa nyuma. Halafu, mara tu baada ya kelele, vichwa vyote viliinuka. Wanawake, wazee, watoto waliokaa chini, wote waliinua macho kwa pamoja na kunitazama mimi. Nilirudi nyuma nikagonga kabati. Ilinichukua muda kukubali kwamba hawanitazami mimi. Walikuwa wanatazama lensi, juu ya gari, nyuma ya meza. Nikakumbuka sindano iliyoruka hadi mwisho. Watu wa mstari wa tatu hawangeweza kuirusha namna ile. Aliyepiga kelele alikuwa karibu na maikrofoni yangu. Kijiji kizima kilimwona, na Mzee Kagoma alimsikia juu ya kisogo chake. Tuliokuwa hatujui ni mimi na Katibu tu.

Adhuhuri ile tulipika dagaa. Nilimwambia Revo nimepata mwendo sahihi wa kile kipande. Aliendelea kusonga ugali. "Umeniona?"

"Huonekani. Wewe peke yako ndiye huonekani. Ndiyo maana nimejua."

Alipakua, akakaa kwenye kigogo, akanawa. "Unga ule niliubeba mimi, dada. Magunia ya wale wazee. Nikaambiwa na mkubwa wetu, ukipita pale kwangu, shusha kidogo. Nikashusha. Safari ya pili, shusha kidogo. Kidogo gani cha magunia? Halafu napanda juu ya gari kupiga picha za watu wanaoambiwa askari wameshiba na wanashukuru. Sikupanga. Nilisikia mdomo wangu."

"Na Nzeyimana?"

"Unadhani nalala?" Alimega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni. "Kila siku najiambia nitasema kesho. Nikisema, wataniita msaliti, na wakati wa vita msaliti hapelekwi mahakamani."

Nilimwambia kwamba siku ya kuonyesha mbele ya Katibu mimi nitakuwa kwenye rekoda, kwa sababu mkanda wangu lazima uanzishwe kwa mkono na hauwezi kuachwa. Kifundo kiko upande wake. Nimeweka alama nne za rangi kwenye ubavu wa projekta, arudishe kifundo kutoka alama hadi alama. Akirudisha, picha itakuwa sahihi. Asiporudisha, itatangulia kama mwanzo, Katibu ataona mdomo ule ule, na lori litaondoka siku ya gulio. "Stoo peke yangu nilikosea mara nyingi, na mbele ya Katibu sina nafasi ya kukosea. Siwezi kuwa mahali pawili," nilimwambia. Alikula tonge lake. "Dagaa hawa hujawatia chumvi," alisema, akamega lingine.

Katibu alikubali kwa shida kuitazama tena. "Binti, mashine haina ndugu. Mashine inasema kilichopo." Nilimwomba atazame makofi ya mwisho tu. Aliwaita wajumbe wake, na Mzee Kagoma naye alikuja kutoka kijijini, akakaa karibu na mlango na kofia yake magotini. Kwanza tulionyesha bila kugusa kifundo. Makofi ya mwisho yalisikika watu wakiwa wametulia, mikono imelala. "Ehee!" alisema mzee wa miwani ya uzi. "Tunapiga makofi kwa magoti siku hizi!" Hata Katibu alisogeza kiti mbele. Alisema turudie kwa namna ninayodai ni sahihi.

Revo alirudisha filamu, akaifunga. Nikaweka alama ya penseli mbele ya kichwa cha rekoda na kumwitikia kwa kichwa. Vikaanza pamoja. Makofi ya mwanzo yalifaa. Baada ya hapo sikutazama shuka. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa juu ya kifundo na haukuwa unaenda popote. Mzee Kagoma wa kwenye mkanda alikuwa anasoma kuhusu unga, kidole chake bila shaka kwenye mstari, na Mzee Kagoma wa chumbani alikuwa anatazama viatu vyake. Wakati wa alama ya kwanza ulipita. Ndipo mkono ukarudi nyuma, kwa haraka kidogo ili kufidia, ukatua kwenye alama ya pili, ukaendelea kuelekea ya tatu, taratibu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Wameshiba na wanashukuru. Mnakura wenyewe! Nikainua macho. Mdomo wa Nzeyimana ulikuwa umefungwa, na kijiji kizima kilikuwa kimeinua vichwa na kututazama sisi sita chumbani. Sekunde zikapita. Kisha Nzeyimana akafungua mdomo, akanyoosha mkono kuelekea meza, akiwaelekea wazee wake: avuze ngo. Makofi ya mwisho yakafaa.

"Rudisha," alisema Katibu. Revo akarudisha, na mara ya pili hakusita popote.

"Wanatazama nini?"

"Kamera, ndugu Katibu," nilisema.

Revo alizima taa ya projekta. Chumba kikabaki na mwanga wa tundu za blanketi tu. "Ni mimi," alisema. "Na unga ule niliushusha mwenyewe kwa mikono yangu. Kama wajumbe wanataka, naweza kueleza niliushusha wapi, safari moja moja."

Mzee wa miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, akamtazama Katibu. "Inatosha," alisema Katibu. "Inatosha. Fungueni madirisha." Jioni ile ile Nzeyimana alitoka. Alipita barazani kwetu na mkewe, akaomba maji, akamshika Revo mkono kwa muda mrefu. Kabla ya siku ya gulio Revo alikuwa kwenye lori, lakini lililoelekea kaskazini, pamoja na mgambo. Aliandikwa kuwa amejitolea. Alirudi vita vilipokwisha, sikio la kushoto halisikii, na hakugusa kamera tena. Alifungua duka la baiskeli Ngara. Miaka yote tulipokutana tuliuliza habari za nyumbani.

Katibu hakuweza kuitupa filamu, kwa kuwa ilishaandikwa kwamba imepokelewa na vijiji vilikuwa vinaingoja. Aliniita na rekoda. "Hilo neno lifute. Hilo tu." Nilifuta mbele yake. Aliweka hedifoni mwenyewe, akasikiliza pengo, akaridhika. Picha hakuifikiria, picha kwake haikuwa na neno.

Kijiji cha kwanza kilikuwa kilekile. Walinipa dereva mgeni, na kifundo nilikishika mwenyewe, kwa kuwa mkanda ule sasa niliujua kiasi cha kuuwasha kwa mkono mmoja. Tulitundika shuka kwenye ukuta wa godauni mara giza lilipoingia. Watu walikuja na vigoda na mikeka, wakacheka kujiona, wakaitana majina. Nzeyimana alikaa na wazee wake pembeni. Makofi matatu yalisikika kwenye mkanda na baadhi yao wakapiga pia. Sauti ya Mzee Kagoma ikasoma kwamba vijana wamekula, wameshiba na wanashukuru. Nilirudisha kifundo kwenye alama ya tatu. Pengo likafika, spika zikanyamaza, na mbele yetu kijiji kikainua vichwa kukitazama kijiji.

"Mnakura wenyewe!" walipaza sauti wote, wanaume na wanawake, pale pale, bila kuwahi wala kuchelewa.